Carina Ti inazima mlimani, pampu mbili zimeshabadilishwa: tusaidiane kupima umeme wa pampu ya mafuta

#1 Igawilo Juu

Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Toyota Carina Ti, injini 5A-FE, petroli. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu inakwenda vizuri mpaka uanze kukitafuta kilima cha Isyonje. Hapo inakosa pumzi, unakanyaga mafuta haiitiki, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Ukikaa kando dakika ishirini inawaka kama hakuna kilichotokea. Hapa mjini inazunguka Mwanjelwa, Kabwe, Soweto siku nzima na haizimi.

Yaliyofanyika: plagi mpya, chujio jipya la mafuta, pampu imebadilishwa mara mbili. Fundi alichomoa soketi ya pampu, akapima, mita ikasoma volti 12.4, akasema umeme upo wa kutosha, pampu ndiyo mbovu. Pampu mpya ikafungwa, wiki moja nzuri, ugonjwa ukarudi. Kabla sijanunua ya tatu, nianzie wapi?

#2 Fundi Umeme Mafiati

Mkuu, hiyo 12.4 ndiyo iliyokula hela yako.

Soketi ikiwa imechomolewa hakuna umeme unaotembea kwenye waya. Mita yenyewe inavuta kiasi kidogo mno, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha 12.4 bila aibu. Pampu ya ndani ya tanki inavuta ampea 4 mpaka 7. Ukiirudisha soketi, ampea zikaanza kupita kwenye ule uzi mmoja, volti zinaishia njiani na pampu inapata 10 au pungufu. Inazunguka, unaisikia inalia, ila polepole. Kwenye tambarare mafuta yanatosha. Kwenye kilima injini inadai mengi zaidi, presha inashuka, inazima.

Kwa hiyo pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu inafanya kazi. Hivi:

Nyanyua siti ya nyuma, fungua kile kifuniko cha bati. Soketi unaiona juu ya tanki. Usiichomoe. Chukua sindano mbili za kushonea, zipenyeze kwa nyuma ya soketi sambamba na waya mpaka ziguse pini dume za upande wa pampu, moja kwenye waya wa umeme wa pampu, moja kwenye ethi yake (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi). Angalia usichanganye na waya za geji ya mafuta, zimo humo humo. Za pampu mara nyingi ndizo nene kuliko wenzake. Sindano mbili zisigusane, zikigusana unakata fyuzi na cheche inaruka juu ya tanki.

Washa injini. Mita iweke DC 20. Kisha pima vitu vitatu:

1. Betri yenyewe, chanya na hasi. Injini ikiwaka inatakiwa 13.8 mpaka 14.4.
2. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye sindano ya umeme wa pampu. Hapo unasoma volti zilizopotea njiani upande wa chanya. Chini ya 0.5 ni safi. Ikifika 1 anza kutafuta.
3. Ncha nyekundu kwenye sindano ya ethi ya pampu, nyeusi kwenye hasi ya betri. Hizo ni volti zilizopotea upande wa ethi. Zisizidi 0.2.

Waya wa mita hautafika kutoka boneti mpaka siti ya nyuma, unga waya mrefu wowote. Kwa kupimia volti unene wake hauna shida.

Ukimaliza kupima gari ikiwa baridi, usifunge siti. Endesha mpaka iugue, halafu mwenzako apime pale pale kabla haijapoa. Ugonjwa wa joto haupimwi gari ikiwa imelala.

#3 Ipogolo

Mnamzungusha bure. Pampu za siku hizi nyingi ni za bandia, mbili kufa mfululizo ni jambo la kawaida. Iringa hapa zinaingia kwenye boksi zuri, ndani uozo. Anunue ya mtumba iliyotoka na gari Japani, amalize.

#4 Fundi Umeme Mafiati

Ipogolo, za bandia zipo, sikatai. Ila pampu iliyokufa si kawaida ifufuke kila ikipumzika dakika ishirini kisha ikapiga mjini siku nzima. Inayokufa kwa kulika brashi (vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme kwenye mota) ina tabia nyingine: inagoma kuanza kabisa, unagonga tanki kwa chini na nyundo ya mpira, inaamka. Kama gari yako inaamka kwa kugongwa, hapo nakubaliana na wewe, nunua pampu. Hii haina dalili hiyo.

Na tatizo la umeme linaua pampu nzuri pia. Unatupa ya tatu kwenye shimo lile lile.

#5 Nyaya Tatu

Niongeze kipimo cha ampea, maana kinasema mengi kwa muda mfupi.

Kwenye hizo Toyota za miaka ya 90 fungua boneti utafute kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani kuna matundu, nyuma ya kifuniko kuna ramani ya majina. Unatafuta +B na FP. Funguo ikiwa ON, injini imezimwa, ukipiga jampa (kipande cha waya cha kuunganisha) kati ya hayo mawili pampu inalia bila kusubiri ruhusa ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Badala ya jampa tupu weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kila tundu. Tayari unasoma pampu inavuta kiasi gani.

Ampea 4 mpaka 6, hali ya kawaida. Sifuri na kimya, njia imekatika mahali, au brashi zimekwisha. Moja au mbili, kuna ukinzani kwenye waya au pampu inazunguka bila kusukuma kitu. Nane na kuendelea, pampu inakabwa: kitambaa cha kuchujia cha chini ya pampu kimeziba, au inataka kujam.

Mita nyingi za bei ndogo tundu la 10A halina fyuzi na zimeandikwa sekunde 10 tu. Soma, chomoa. Na ukimaliza rudisha ncha kwenye tundu la volti, ukisahau ukaenda kupima betri utaunguza mita na vidole.

#6 Kihesa Kilolo

Wakuu naingilia uzi kidogo. Noah SR40, asubuhi na baridi hii ya Juni haiwaki kabisa, stata inazunguka. Nikiweka funguo ON sisikii pampu. Ina maana pampu imekufa?

#7 Nyaya Tatu

Hapana, usiende dukani kwa sababu ya ukimya huo. Nissan na Honda nyingi ukiweka ON pampu inalia sekunde chache kisha inanyamaza. Toyota nyingi za umri huo hazilii kabisa mpaka injini izunguke. Kontroli boksi inasubiri ione alama ya mzunguko wa injini ndipo inaipa ethi rilei ya pampu (swichi inayofungwa na koili ya umeme), ile inayoandikwa C/OPN. Injini ikisimama, inakata. Imewekwa hivyo makusudi, ili gari ikipinduka na injini ikazima pampu isiendelee kumwaga petroli.

Kwa hiyo gawanya kwanza. Piga stata huku mwenzako anaangalia cheche ya plagi. Cheche hakuna na pampu hailii: wote wawili wamekosa kitu kimoja, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta), rilei kuu ya EFI, au sensa ya mzunguko (kwenye zenye distribyuta imo humo ndani). Cheche ipo na pampu kimya: hapo ni rilei ya C/OPN, waya, ethi au pampu yenyewe. Cheche ipo na pampu inalia: achana na umeme, pima presha.

Kuna dalili nyingine ya Toyota za zamani zenye rilei ya koili mbili. Ukishika stata inawaka, ukiachia funguo inazima papo hapo. Koili ya kwanza inapata umeme wa stata, ya pili ndiyo ya kontroli boksi. Gari ikifanya hivyo pampu ni nzima kabisa, ugonjwa uko kwenye koili ya pili au waya wa FC unaotoka kontroli boksi.

Na kwa baridi ya huko: pima betri wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6 chaji au badilisha betri kwanza, usimlaumu mtu mwingine.

#8 Kihesa Kilolo

Hiyo C/OPN siioni kwenye boksi la fyuzi la boneti.

#9 Nyaya Tatu

Mara nyingi haiko huko. Itafute ndani, nyuma ya dashibodi au karibu na kontroli boksi. Mtu mmoja ashike stata, mwingine apapase kwa mkono, utaisikia inapiga "tak".

Kumbuka kugonga si uthibitisho. Koili inaweza kuvuta vizuri na vidole vya ndani vinavyopitisha umeme wa pampu vikawa vimeungua. Koili ipime kwa om, nyingi zinasoma kati ya 60 na 100. Vidole vipime kwa volti zinazopotea: rilei ikiwa imefunga na pampu inazunguka, ncha moja pini ya kuingia, nyingine ya kutoka. Ikizidi 0.2, badilisha. Kwenye rilei za kawaida za miguu minne 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaoingia, 87 unaotoka, lakini za Toyota za miaka hiyo mpangilio wa miguu ni wao wenyewe, usikariri.

#10 Dereva wa Kitonga

Mbona shida yote hii. Vuta waya kutoka betri, weka swichi kwenye dashibodi, piga dairekti mpaka pampu. Ukipanda gari unabonyeza, ukishuka unazima. Gari ngapi zinatembea hivyo.

#11 Fundi Umeme Mafiati

Zinatembea, na siku ikigonga ukuta injini ikazima, pampu inaendelea kusukuma petroli kwenye bomba lililopasuka. Umeondoa kinga pekee iliyokuwepo ili ukwepe kutafuta waya mmoja.

Halafu dairekti yenyewe ikoje? Tunaiona kila siku: waya wa spika za redio, hauna fyuzi, umepita chini ya kapeti na kukanyagwa na reli ya siti. Waya wa mm² 0.75 wenye mita tano unapoteza karibu volti 0.6 kwa ampea 5. Wa mm² 2.5 unapoteza chini ya 0.2. Na ethi huwa hawaigusi. Ukipeleka chanya mpya nzuri halafu ethi ni ile ile ya kutu, umebaki pale pale.

Kama waya wa asili umeoza kweli, vuta mpya wa 2.5 wenye nyuzi nyingi, si ule wa nyumba wa uzi mmoja, unakatika kwa mtikisiko. Weka fyuzi ya 15 karibu na betri, pitisha kwenye rilei mpya, na koili ya hiyo rilei ipate amri kwa ule waya wa zamani wa pampu. Hapo kontroli boksi bado ndiye mwenye kauli, waya wa zamani unabeba kazi ndogo ya kuvuta koili tu.

#12 Dereva wa Kitonga

Sawa hapo kwenye rilei nimekuelewa. Na ile ya kupanda Kitonga taa ya mafuta ikiwa imewaka?

#13 Fundi Umeme Mafiati

Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake. Tanki likiwa tupu inazunguka kwenye mvuke, inachemka, na kwenye mwinamo mafuta yanakimbilia upande mmoja, inanyonya hewa. Juu huku petroli inachemka kirahisi zaidi kuliko pwani, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Robo tanki iwe ndiyo sifuri yako. Hilo halimhusu Igawilo Juu lakini, au tanki lilikuwa tupu?

#14 Igawilo Juu

Tanki lilikuwa nusu. Nimepima kama mlivyoelekeza, wakuu.

Gari baridi, nyumbani: betri 14.1, chanya inapoteza 0.5, ethi inapoteza 0.9.
Baada ya kupanda na kuanza kukohoa, nikasimama pembeni injini ikiwa bado inaunguruma: betri 14.0, chanya 0.6, ethi 2.9.

Ampea kwa FP na +B: 4.1 ikiwa ya moto.

#15 Fundi Umeme Mafiati

Umeipata. 14.0 toa 0.6 toa 2.9, pampu yako ilikuwa inakula 10.5. Upande wa chanya achana nao.

Sasa ifuate hiyo 2.9 hatua kwa hatua, bado ya moto na pampu inazunguka. Ncha nyeusi ibaki hasi ya betri, nyekundu iwe inasogea. Anza pini ya ethi upande wa pampu wa soketi. Kisha pini hiyo hiyo upande wa waya wa bodi. Kisha kwenye kile kishikizo cha duara kilichofungwa na bolti. Kisha bati tupu pembeni ya bolti, kwaruza rangi kwanza. Mahali ambapo namba inaruka kushuka, ubovu umekaa kati ya hapo na ulipotoka.

#16 Rungwe Mvua

Huku kwetu Tukuyu na hii mvua, dau langu liko kwenye bolti. Maji yanaingia chini ya kapeti, bati linaota kutu chini ya kishikizo, kwa juu kinaonekana kimekaza kabisa.

#17 Igawilo Juu

Upande wa pampu 2.9. Upande wa waya wa bodi, soketi ile ile: 0.5. Kwenye kishikizo 0.4. Bati 0.1.

Nimeichomoa soketi. Pini ya ethi imegeuka rangi ya kahawia, plastiki yake imelainika na kuvimba upande huo, pini jike imefunguka mdomo. Picha inagoma kupanda.

#18 Nyaya Tatu

2.9 kwenda 0.5, yaani 2.4 zinaishia kwenye mgusano wa pini mbili. Zidisha na ampea zako 4.1, unapata karibu wati 10. Wati 10 kwenye kitu cha ukubwa wa punje ya mchele! Ndiyo maana plastiki imevimba. Inapata joto, mdomo wa pini unalegea zaidi, ukinzani unaongezeka, joto linazidi, na wewe uko katikati ya kilima. Ukisimama inapoa, inabana tena, unawasha.

Pampu mpya ilisaidia wiki moja kwa sababu fundi alipochomoa na kuchomeka soketi alizikwaruza pini zikagusana vizuri kidogo. Basi.

Rungwe Mvua hujakosa kabisa, 0.3 kati ya kishikizo na bati ni nyingi. Afungue bolti akwaruze mpaka bati ling'ae, apake grisi juu baada ya kukaza.

#19 Fundi Umeme Mafiati

Namna ya kutengeneza, maana hapa ndipo watu wanaharibu.

Toa presha: gari ikiwaka chomoa fyuzi au rilei ya pampu, iache izime yenyewe, piga stata sekunde tatu. Kisha chomoa hasi ya betri. Fungua milango yote, hakuna sigara, hakuna simu juu ya tanki.

Usikunje pini iliyoungua kwa koleo ukadhani umemaliza. Chuma kilichopata joto hivyo hakibani tena. Tafuta soketi nzima yenye mkia wa waya kutoka kwenye gari la kukatwa, zipo Mwanjelwa kwa wauza vipuri vya mtumba, Corolla nyingi za wakati huo zinaweza kuingiliana ila nenda na ya kwako ulinganishe. Pini dume ya juu ya tanki iangalie pia. Ikiwa imeungua, isafishe kwa msasa laini mpaka ing'ae. Ikiwa imelegea kwenye plastiki yake badilisha kifuniko kizima cha pampu, hapo petroli itavuja.

Kuunga waya: bana kwa kishikizo cha kubana, au unga kwa kuyeyusha risasi (kusodia) ukiwa mbali. Usilete chuma cha kusodia karibu na tanki. Funika na mpira unaonywea kwa joto, huo nao upashie moto mkia ukiwa mezani, kabla hujauunga garini. Kama kuna waya wa ndani ya tanki unaobadilishwa, uwe wa kuhimili petroli. Waya wa kawaida ngozi yake inavimba na kupasuka, na tepu ya umeme inayeyuka gundi yote na kwenda kuziba kitambaa cha pampu.

Usigeuze waya mbili. Ukizigeuza pampu inazunguka kinyumenyume, unaisikia inalia vizuri tu, presha hakuna, na unarudi hapa kuanzisha uzi mwingine.

#20 Mama Noah

Asanteni, nimejifunza. Sisi ambao mita hatuna?

#21 Rungwe Mvua

Mama, bulbu ya taa kubwa. H4 upande wa 55W inakula ampea 4.6 hivi kwa volti 12, karibu sawa na pampu. Chomoa soketi ya pampu, unga waya mbili ndefu kwenye soketi upande wa bodi, bulbu uiweke nje ya gari, mbali na tanki, inapata moto mkali. Uunge kila kitu kwanza, kisha ndipo mtu apige jampa ya FP na +B kule mbele, ili cheche isitokee karibu na tanki. Ikiwaka nyeupe kama taa ya mbele, njia ni nzima. Ikiwa na wekundu wa mkaa, kuna mahali panakula umeme.

Ila kwa ugonjwa wa Igawilo Juu ingemdanganya, kwa sababu ubovu wake ulikuwa kwenye pini zile zile zinazochomolewa.

#22 Igawilo Juu

Mrejesho. Soketi ya mtumba imefungwa, bolti ya ethi imekwaruzwa. Ikiwa ya moto baada ya Isyonje: betri 14.0, chanya 0.5, ethi 0.15, pampu inapata 13.3. Ampea 4.9. Nimepanda mara tatu mfululizo na mizigo, haijakohoa.

Swali la mwisho: pampu ya kwanza niliyoitoa ninayo bado. Naweza kuijaribu kwa betri mezani?

#23 Nyaya Tatu

Kavu usiizungushe, inategemea mafuta kujilainisha na kujipoza. Na usiitie kwenye ndoo ya petroli ukaja na betri, cheche moja tu. Pima om kati ya pini zake mbili: Toyota wanataka 0.2 mpaka 3.0 kwa nyuzijoto 20. Mita za kawaida zinaongeza ukinzani wa waya zake, kwa hiyo gusanisha ncha kwanza, soma, halafu toa hiyo namba.

Ikisoma vizuri badilisha kitambaa cha chini, ifungwe kwenye nailoni, iweke. Ukija kuifunga garini pima presha: hiyo ya kwako yenye bomba la kurudisha inatakiwa bar 2.7 mpaka 3.0 ukiwa umechomoa mpira wa vakyum wa regyuleta na kuuziba kwa kidole. IST na wenzake wasio na bomba la kurudisha ni 3.0 mpaka 3.4.

#24 Kihesa Kilolo

Noah imewaka. Rilei kuu ya EFI, mguu mmoja ulikuwa na kutu ya kijani. Cheche na pampu vilikosekana vyote, kama ulivyosema #7.